Meli ile ile, mara ya tatu

Mpenzi msomaji, kuna watu duniani wana raha zao, wewe acha tu. Mtu anapanda meli ya kifahari huko Marekani, anazungushwa visiwani siku saba, anakula, anacheza muziki, anaota jua. Siku ya saba meli inarudi bandarini na wenzake wanabeba mabegi, huyoo, makwao. Yeye habanduki! Ameshakata tiketi ya wiki inayofuata, meli ile ile, chumba kile kile, na mara nyingine visiwa vile vile. Wahudumu wanatandika vitanda vya wageni wapya, viatu vyake viko pale pale chini ya kitanda.

Usidhani nakutungia hadithi. Yupo bwana mmoja mzaliwa wa Cuba, Mario Salcedo, aliyeacha kazi yake ya mambo ya fedha mwishoni mwa miaka ya tisini akaanza maisha ya melini. Safari zake zinahesabika kwa mamia, na mabaharia wamembatiza jina la Super Mario. Kulikuwa pia na bibi mmoja mjane wa Florida, Lee Wachtstetter, aliyehamia kabisa katika meli iitwayo Crystal Serenity akaishi humo miaka kadhaa. Wahudumu walimwita Mama Lee.

Kituko ni siku ya kubadilisha abiria. Katika bandari za Marekani hata huyu asiyetaka kuondoka hutakiwa kushuka kwanza, akaguliwe, meli ihakikishwe kuwa tupu, kisha apande tena na kikadi chake kinachosema kwamba yeye anaendelea. Na wana sheria yao ya mwaka 1886 inayokataza meli za nje kubeba abiria kutoka bandari moja ya Marekani na kumshusha katika bandari nyingine ya huko huko. Sasa sikiliza. Ukitoka Seattle kwenda Vancouver, Canada, ukashuka, hakuna neno. Ukipanda Vancouver kwenda Alaska, hakuna neno. Lakini ukiziunganisha safari hizo mbili bila kubadilisha meli, ni kosa! Kwa nini? Kwa sababu sheria inakuhesabu kuwa umetoka Seattle kwenda Alaska. Safari mbili juu ya meli moja kwao ni safari moja tu.

Hapo ndipo nilipoipenda sheria ile, maana jambo hilo mimi nalijua.

Najua utauliza, binti wa Nanyala ameyajulia wapi mambo ya meli? Nanyala yetu, Wilaya ya Mbozi, ipo kando ya barabara kuu iendayo Tunduma na Zambia. Maji mengi tunayoyaona ni ya mvua ya masika. Chombo tunachokijua ni lori. Yanapita mchana na usiku, yenye shehena za Zambia na Kongo yakipanda, yenye shaba yakishuka. Mama yangu ni mama ntilie, na mimi nimekulia kwenye moshi wa jiko lake nikitenga wali maharage kwa madereva na matingo.

Mama ana daftari la madeni. Ukilifungua utacheka mpaka utokwe machozi. Hakuna majina ya watu. Kuna "Yule wa lori la bluu, sahani mbili." Kuna "Mwenye kofia ya sufi, chai na chapati nne." Kuna "Mrefu, alisema anarudi Alhamisi." Alhamisi ya mwaka gani, hakusema. Dereva anakula, anajipapasa mifukoni, anasema, "Mama, narudi kesho kutwa nakupitia." Anatia gia, anaingia mitini. Barabara ina lori maelfu, utamtafutia wapi? Ndiyo maana mama amebandika ukutani karatasi yake: Mla leo alipe leo.

Kwa hiyo mimi nilikua nikiamini kwamba mtu akishaondoka na mali yako, hesabu hiyo imefungwa.

Mwaka 2016, mwaka ule ule tuliogawanywa kutoka Mbeya tukawa Mkoa wa Songwe, nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na sina mbele wala nyuma. Mamdogo wangu, anayeishi Kigoma, akapiga simu. Anataka msaidizi wa biashara. Mama akanifungia nguo kwenye kifurushi, nikapanda basi hadi Tunduma, nikaunganisha Sumbawanga, nikateremka Kasanga kwenye Ziwa Tanganyika. Jioni ya Ijumaa ikaja MV Liemba.

Kwa wasioijua, ile siyo meli ya mchezo. Ilijengwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikatiwa masandukuni maelfu, ikaletwa Dar es Salaam kwa bahari na kupelekwa Kigoma. Ikaunganishwa huko na kushushwa majini mwaka 1915 ikiwa na jina la Graf von Götzen. Vita vilipowazidi Wajerumani mwaka 1916, wakaizamisha wenyewe, lakini kwanza mafundi wakazipaka injini mafuta mazito zisioze. Ujanja wa ajabu! Waingereza wakaiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kazini kwa jina la Liemba, jina la zamani la sehemu ya kusini ya ziwa. Kwa hiyo meli yenyewe tabia yake ni kurudi, hata kutoka chini ya maji.

Safari yangu ya kwanza, Kasanga hadi Kigoma, sikuona kitu. Nilikuwa mshamba kamili. Nilikaa daraja la tatu chini kabisa, joto tele, watu, kuku, magunia ya dagaa, na tumbo langu likacheza ngoma usiku kucha. Nilichojua ni kwamba tulifika Jumapili. Ungeniuliza meli ile ina rangi gani ningekuambia niache nilale.

Siku kumi baadaye, Jumatano, nikapanda tena, safari hii na mamdogo. Mali yetu ilikuwa vitenge. Mamdogo alikuwa amekopa shilingi 250,000 kwenye kikoba chao, marejesho ni Jumatatu jioni tukirudi. Wenzangu mnaovijua vikoba mnanielewa. Kina mama wale wanapendana sana, lakini siku ya marejesho hakuna undugu. Usipoleta, wanakuja kuchukua redio, kochi, hata sufuria lenye maharage jikoni.

Biashara ya Liemba ilikuwa hivi. Bandari zenye gati zilikuwa chache mno. Vijiji vingi havikuwa na gati, meli ilisimama ziwani, ikapiga honi, na maboti ya mbao yakatoka ufukweni kuja kuizunguka kama vifaranga na mama yao. Abiria wanashuka na wengine wanapanda, mtoto anarushwa juu na kudakwa, gunia linashushwa, mwenye samaki anauza, mwenye sabuni anauza. Yote hayo juu ya mawimbi, kelele mtindo mmoja. Halafu honi inalia tena na kila mtu ajijue.

Tulifika Kalya kabla ya mapambazuko ya Alhamisi. Mama mmoja akasimama ndani ya boti, akamwita mamdogo kwa jina la mwanawe mkubwa, wanajuana kwa biashara hiyo. Anataka doti kumi. Doti moja shilingi 18,000. Mamdogo akaanza kumrushia moja moja, yule mama anadaka, anahesabu. Ya tisa, ya kumi. Honi! Meli ikajongea, wimbi likalisukuma boti. Yule mama akapaza sauti, "Mkirudi!" na giza likammeza, yeye na shilingi 180,000 zetu.

Msomaji, moyo wangu ulipiga pa! Nikaliona daftari la mama: "Mama wa botini, doti kumi." Abiria waliokuwa karibu wakaanza. Mmoja akasema pole sana, hiyo imekwenda. Mwingine akasema watu wa usiku hawaaminiki. Kijana mmoja aliyevaa miwani ya jua gizani akatoa hotuba nzima kuhusu biashara ya mali kauli. Mamdogo akafunga furushi lake, akaniambia, "Lala, mwanangu. Meli si inarudi?"

Lala? Nani alale!

Ijumaa asubuhi tukafika Mpulungu, Zambia. Mamdogo alikuwa na karatasi zake, akashuka kuuza vilivyobaki. Mimi sikuwa na hati ya kusafiria, nikabaki ndani. Hapo sasa ndipo nilipofanya kile wanachokifanya akina Super Mario, ila bila muziki wala kitanda. Abiria wote waliokuja nasi walishuka. Meli ikawa tupu, ikawa na mwangwi. Mabaharia wakamwaga maji sitahani, wakafagia maganda ya miwa na vichwa vya dagaa. Nikakaa kwenye benchi nikitazama kinachobaki watu wakiondoka.

Mpishi akanikuta pale. "Wewe hushuki?" Nikamwambia naendelea. Akatikisa kichwa kama mtu aliyesikia jambo la maana, akaniletea ukoko wa wali kwenye sahani. Kuanzia pale nikawa mwenyeji. Alasiri abiria wapya walipomiminika na mabegi yao, mimi ndiye niliyewaonyesha choo kiko wapi, benchi gani lina upepo, na upande gani usikae kwa sababu ya moshi wa jikoni. Msichana mmoja wa Mbala aliyekuwa ameshika tumbo akaniuliza kama tumbo linatulia. Nikampa ndimu anuse, kama baharia mzoefu! Yule yule mshamba wa wiki mbili nyuma.

Na ndipo nilipoanza kuiona ile meli. Nikajua sauti ya injini ikiwa sawa na ikiwa inakaribia kusimama. Nikajua kwamba mzee fulani wa daraja la pili hulala saa mbili kamili na kuamka kila honi inapolia. Nikasikia habari ambazo mgeni haambiwi. Mabaharia wakasimulia Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walivyojazana Kagunga, penye ufukwe mwembamba chini ya mlima, na Liemba ikawa inakwenda na kurudi kuwaleta Kigoma, watu wapatao 600 kwa safari. Wazee wao wakasimulia 1997, meli ilipofanya safari 22 kati ya Kigoma na Uvira katika miezi mitano, ikiwarudisha makwao wakimbizi wa Kongo zaidi ya 75,000. Ukisikia hivyo unaelewa. Kwa mtalii, kurudia safari ni starehe. Kwa aliyeachwa ufukweni na watoto, meli kurudi ndiyo habari yenyewe.

Sasa turudi kwenye vitenge, najua ndivyo mnavyovisubiri.

Usiku wa Jumamosi tukakaribia Kalya. Mimi nilikuwa nimeshafika ukingoni mwa sitaha saa nzima kabla. Ziwani kulikuwa na taa za wavuvi wa dagaa, nyingi kama mji, ukazitazama ukadhani umefika Dar. Honi ikalia. Boti la kwanza likaja, abiria na magunia. Yule mama hayumo. La pili, hayumo. Mamdogo amekaa kitako anakula karanga. Nikamtazama yule kijana wa miwani, kumbe naye anarudi nasi, akainua mabega kuniambia, si nilisema?

La tatu likaja limechelewa, linapigwa makasia na vijana wawili. Honi ya kuondoka ikalia. Mmoja wa wale vijana akasimama, akapaza sauti ile ile ya kumwita mamdogo kwa jina la mwanawe. Akarusha kifurushi. Nikadaka mimi! Ndani kulikuwa na doti mbili za kitenge zilizokunjwa vizuri kama zilivyotoka dukani, na katika pindo la kanga kuukuu, fundo. Tukalifungua chini ya taa. Shilingi 144,000. Zimekunjwa ndogo ndogo, nyingine zinanuka dagaa, lakini hazikupungua hata mia.

Kijana akapaza sauti kutoka gizani, "Anasema nane zimekwenda, mbili rangi hawakuipenda. Safari ijayo leta za bluu!"

Mamdogo akahesabu, akatia mapene kifuani, akanipa kichele cha karanga. "Za bluu," akasema, kama vile hilo ndilo lililokuwa linamsumbua. Jumatatu jioni kikoba kikalipwa, sufuria letu likabaki jikoni.

Niliwaza sana baada ya hapo. Je, watu wa ziwani ni malaika na madereva wa barabara kuu ni mashetani? Hapana. Nimewaona melini watu waliopanda na deni wakashukia kituo ambacho hawakukitaja. Na kwa mama kuna dereva mmoja wa Iringa ambaye huwa anapiga honi kwa mbali, mama anaanza kukaanga mayai, na hajawahi kudaiwa shilingi. Tofauti haikuwa moyo. Tofauti ilikuwa hii. Yule mama wa Kalya alikuwa na meli moja tu, na meli ile ilikuwa na yeye. Wiki mbili baadaye angetaka vitenge. Angetaka pia dawa, chumvi, barua ya mwanawe. Akila 180,000 leo, kila honi inayolia ni ya kumdai, na kijiji kizima kinasikia. Mamdogo naye asingeweza kumuuzia kitenge kinachochuja rangi, maana wiki mbili baadaye atakuwa ukingoni pale pale, boti litakuja, na atavuliwa nguo kwa maneno. Wote wawili walikuwa wamefungwa kwenye ratiba. Lori la bluu halina ratiba ya kwetu.

Mamdogo anaiita hiyo "biashara ya uso". Uso utauona tena, kwa hiyo uutunze.

Na msidhani ni biashara tu, wasomaji wangu wa mjini. Angalieni mapenzi yenu. Mshikaji anakuja, maneno matamu, chipsi kuku, ahadi za kumwaga. Je, ni mtu wa safari moja au ni mtu wa ratiba? Nyanya na vitunguu vinavyopita Nanyala kwenda kwingine vinapendeza pia, lakini havipikwi kwetu. Mimi siku hizi mtu akinitongoza simuulizi ana gari gani. Namuuliza, yule muuza chipsi wa mtaani kwako anakukopesha? Akicheka na kukwepa, nimeshamsoma. Akisema, "Ananikopesha, namlipa Ijumaa," hapo nakaa nimsikilize.

Lakini kuna upande wa pili na sitauficha. Miaka michache baada ya safari zangu, Liemba ilisimama, ikingoja matengenezo makubwa. Watu wa mijini walisoma habari hiyo wakafungua ukurasa wa michezo. Mamdogo alikuwa na madeni yake katika vijiji vinne. Doti tatu hapa, doti moja pale. Hakuna aliyemdhulumu, ila honi tu haikulia tena. Na yeye mwenyewe alikuwa anadaiwa. Alikuwa amechukua dagaa za shilingi 36,000 kwa mama mmoja wa Ikola, amwachie hela akirudi. Hakurudi, maana cha kumrudisha hakikuwepo.

Fedha ile ilimnyima raha kuliko zile alizokuwa anadai. Alimuuliza kila mvuvi aliyefika Kibirizi, "Unamjua fulani wa Ikola?" Ilimchukua miezi. Hatimaye akapata namba ya simu ya jirani wa yule mama, akatuma 36,000 na ya kutolea juu yake. Jioni ikaja simu. Yule mama wa Ikola hakuanza na asante wala habari za siku nyingi. Aliuliza, "Meli inakuja lini?"

Mamdogo alikaa na simu sikioni muda mrefu bila kujibu.

Nalifikiria swali lile kila ninaposoma habari za akina Super Mario, wanaolipa maelfu ya dola kuiona njia ile ile kwa mara ya mia tatu. Siwacheki tena. Nadhani wanatafuta kile nilichokipata bure Mpulungu kwenye sahani ya ukoko: mahali ambapo mtu anakutambua na kukuuliza kama unaendelea. Wenye fedha wanakinunua kwa tiketi. Vijiji vya Tanganyika vilikuwa nacho kila wiki mbili, kikiwa na moshi na kuku ndani yake.

Kwa hiyo wiki hii, msomaji, usinitumie meseji ya kuniuliza mambo ya mitindo. Fungua daftari lako. Mtafute mmoja uliyemwambia "narudi" ukapotea: muuza genge, fundi viatu, shangazi aliyekupa nauli ya usaili. Pengine hakudai tena, amekuandika "yule mrefu" akafunga ukurasa. Mpitie. Hata kama mfukoni una nusu ya deni na doti mbili za kurudisha, zifunge kwenye pindo la kanga umpelekee.

Haya, kazi kwenu. Tukutane wiki ijayo, ukurasa huu huu.